Kutoka Kajiado Hata Kitengela: Jinsi Chuma Kinavyoshikwa Kikakerezwa

Msafiri atokaye Nairobi kwenda kusini kwa njia ya Namanga hupita kwanza Athi River, penye viwanda vya saruji na vumbi lake jeupe, kisha huingia katika mji wa Kitengela, yapata kilomita 30 tangu Nairobi. Akiendelea na safari yake hupita Isinya, na akiisha kwenda kama kilomita 80 tangu Nairobi hufika Kajiado, makao makuu ya kaunti iitwayo kwa jina hilo hilo. Jina la Kajiado limetoka katika maneno ya Kimasai yenye maana ya mto mrefu. Lakini mgeni asishangae akiukosa mto uliojaa maji. Sehemu kubwa ya mwaka mito ya huko ni mchanga mtupu, na mwenye ng'ombe ajua kwamba maji yake yako chini ya ardhi.

Maji hayo ya chini ndiyo yanayoiunganisha miji hii miwili. Huko Kajiado na Mashuuru wafugaji wanategemea visima virefu vilivyochimbwa kwa mashine, na pampu za kuvuta maji. Pampu ikiharibika, kipande kilichovunjika hufungwa katika gunia, hupakiwa katika matatu, na kupelekwa kwa mafundi wa Kitengela. Habari hizi ni za mafundi hao, na hasa za kifaa kimoja ambacho wengi wamekiona bila kukitazama: kile kinachoshika chuma wakati wa kukerezwa.

NCHI ILIVYOGEUKA

Zamani uwanda huu wa Athi-Kaputiei ulikuwa malisho ya Wamasai wa Kaputiei na ya wanyama wa porini. Mbuga ya Wanyama ya Nairobi ilipowekwa mwaka 1946, upande wake wa kusini haukuzungushiwa ua, ili nyumbu na punda milia wapate kutoka wakati wa mvua na kurudi wakati wa kiangazi. Katika miaka ya 1980 ardhi ya jumuiya ya Kitengela iligawanywa, kila mwenyeji akapata sehemu yake, na viwanja vikaanza kuuzwa. Mwaka 1990 ilitungwa sheria ya maeneo ya viwanda vinavyouza bidhaa ng'ambo, na eneo kubwa la namna hiyo likajengwa Athi River. Wafanyakazi wake wengi walitafuta nyumba za kupanga Kitengela.

Hesabu ya watu yaonyesha mambo yalivyokwenda. Kajiado yote ilikuwa na watu 406,054 mwaka 1999. Mwaka 2009 walikuwa 687,312, na mwaka 2019 walifika 1,117,840. Katika hesabu hiyo ya mwisho mji wa Kitengela peke yake ulikuwa na watu zaidi ya 150,000. Mahali palipokuwa na maduka machache ya kuuza sukari na blanketi sasa pana nyumba za ghorofa, mabenki, na foleni ya magari tangu alfajiri.

Penye watu wengi pana magari mengi, na penye magari hapakosi vitu vya kutengenezwa. Kando ya njia kuu na katika vichochoro vya nyuma yake wamo mafundi wa kuchomelea vyuma, waundaji wa milango na madirisha, na watengenezaji wa matela. Miongoni mwao, katika mabanda ya mabati, wamo wachache wenye mashine ya kukereza. Hao hawahitaji kupiga kelele kutafuta wateja. Fundi wa magari aliyeharibikiwa na ngoma ya breki, mwenye kinu cha mahindi aliyevunja mhimili, na mfugaji mwenye pampu mbovu, wote huwaendea wao mwishoni.

KAZI YA KALE KATIKA VAZI JIPYA

Neno kukereza si geni katika lugha yetu. Mafundi wa Lamu na wa visiwa jirani walikuwa wakikereza miguu ya vitanda na ya viti tangu zamani, kabla ya reli kujengwa. Mti ulishikwa kati ya ncha mbili za chuma, ukazungushwa kwa kamba ya upinde, huku na huku, na fundi akaukata kwa patasi aliyoielekeza kwa mkono. Jambo gumu kwao lilikuwa lile lile lililo gumu leo, yaani kuipata katikati ya mti. Ncha ikichomwa kando kidogo ya katikati, mguu wa kitanda huzunguka ukiyumba kama mlevi, na patasi hugusa upande mmoja na kuukosa wa pili.

Kukereza chuma kulikuja na reli. Njia ya reli ilipofika Nairobi mwaka 1899, mahali hapo palifanywa kituo kikuu na pakajengwa karakana. Magurudumu ya garimoshi huchakaa, na yakichakaa hapana budi yakerezwe upya yapate umbo lake. Katika miaka ya 1910 reli ya kwenda Magadi, kwenye magadi ya ziwa, ilijengwa kutoka Konza na kupita Kajiado, na hivyo chuma kilipita katikati ya nchi ya ng'ombe. Baadaye ujuzi wa karakana ulitoka nje ya kuta zake. Waliostaafu walifungua vibanda, wakafundisha vijana, na vijana hao wakafundisha wengine. Mwaka 1972 taarifa ya Shirika la Kazi Ulimwenguni juu ya Kenya iliwaeleza walimwengu kwamba kazi ndogo ndogo za namna hii zina faida kubwa kwa nchi. Wakenya wenyewe waliziita jua kali.

MAFIGA MATATU

Mashine ya kukereza ina kichwa kinachozunguka kwa nguvu za umeme. Mbele ya kichwa hicho hufungwa duara nene la chuma, lenye mataya yanayobana kitu cha kukerezwa. Mafundi huliita duara hilo chaki, kwa jina walilolipokea kutoka Kiingereza, nalo lisichanganywe na chaki ya mwalimu. Chaki ya kipenyo cha milimita 250 yaweza kuwa na uzito wa kilo 20 na zaidi, kwa hiyo fundi mwangalifu huweka ubao chini yake anapoifunga au kuifungua, isije ikamponyoka ikavunja kitanda cha mashine au vidole vyake.

Chaki iliyo ya kawaida ina mataya matatu. Kila mama ajua kwa nini mafiga ni matatu: chungu kikikaa juu ya mafiga matatu hakiyumbi, hata kama ardhi si sawa. Vivyo hivyo kitu cha mviringo kikibanwa na mataya matatu hukaa imara. Lakini ajabu ya chaki hii ni nyingine. Fundi hutia ufunguo katika tundu moja tu, na akiuzungusha mataya yote matatu husogea pamoja, kwa mwendo mmoja, mpaka yakutane katikati.

Siri imo ndani. Nyuma ya mataya kuna bamba la chuma la mviringo. Upande wake mmoja una meno kama ya gurudumu la saa, na ufunguo unapozungushwa, kigurudumu kidogo chenye meno hulizungusha bamba hilo. Upande wa pili una mfuo mmoja mrefu unaojizungusha kutoka ukingoni kwenda ndani, kama mistari ya kombe la konokono. Mataya yana meno yaliyoingia katika mfuo huo. Bamba likizunguka, mfuo husukuma kila taya kwenda ndani au kwenda nje kwa kadiri ile ile. Mmarekani Simon Fairman, wa jimbo la Connecticut, alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuunda chaki ya namna hii, katika nusu ya kwanza ya karne ya 19.

Kwa sababu mfuo huo haurudi mahali pake kama duara, bali husogea ndani kidogo kidogo, mataya matatu hayawezi kuwa sawasawa. Mfuo ukitoka katika nafasi ya kwanza hata ya pili umekwisha kusogea theluthi moja ya upana wa hatua yake. Ukifika ya tatu umesogea theluthi mbili. Kwa hiyo meno ya kila taya yamekatwa mbali na ya mwenzake kwa kadiri hiyo, na mataya yamepigwa chapa 1, 2 na 3. Yakitolewa kwa kusafishwa, lazima yarudishwe kwa taratibu hiyo: la 1 katika nafasi ya 1 mwanzo wa mfuo unapotokeza, kisha la 2, kisha la 3. Mwanafunzi akiyachanganya hayatakutana katikati. Ataona moja limetangulia na jingine limebaki nyuma, naye atadhani mashine imeharibika, kumbe ni yeye aliyekosa kusoma namba.

MZEE NA MHIMILI WA PAMPU

Chukua mfano wa mzee mfugaji wa upande wa Mashuuru. Pampu ya kisima chao imesimama kwa sababu mhimili wake umelika pale unapokaa ndani ya beringi. Amefika Kitengela asubuhi na mhimili begani. Mchomeleaji ameujaza chuma mahali palipolika, na sasa umepelekwa kwa fundi wa kukereza ili upunguzwe upate unene wake wa zamani.

"Hujambo, fundi?"

"Sijambo, mzee. Karibu ndani, jua ni kali."

"Jua ni kali kwa ng'ombe zaidi. Hawajanywa tangu jana. Nikatie chuma hiki upesi nipate kurudi."

"Mzee, kukata ni kazi ya nusu saa. Kukishika ndiko kutakakonichelewesha. Nikikata kabla ya kukiweka katikati, utarudi hapa wiki ijayo."

Mzee hapendi neno hilo, na ana haki ya kutolipenda. Ng'ombe mmoja mkubwa aweza kunywa lita 30 kwa siku ya joto, na mwenye ng'ombe 100 hawezi kuwapa maneno wanywe. Watu wa Kajiado hawajasahau ukame uliodumu tangu mwisho wa mwaka 2020 hata mwanzo wa 2023, misimu mitano ya mvua ilipokosekana mfululizo. Mifugo mingi ilikufa, na wenye kisima kizima walikuwa na nafuu iliyo kubwa kuliko ya wenye fedha.

Lakini fundi naye ana haki. Mahali palipochomelewa pana mabonde na vilima, hapana mviringo tena. Mataya matatu yakibana hapo, yatakikusanya chuma kadiri ya vilima hivyo, na katikati ya chaki haitakuwa katikati ya mhimili. Hata akibana mahali pazima, chaki yenyewe ina kosa lake. Chaki nzuri ya mataya matatu, ingawa ni mpya, huweza kupotea kwa sehemu 5 hata 10 za mia moja ya milimita, yaani karibu na unene wa unywele mmoja. Chaki iliyotumika miaka mingi hupotea zaidi, maana mfuo wake umelika, na midomo ya mataya imepanuka kama tarumbeta, yakabana kwa nyuma tu na kuacha mbele wazi.

Kama kitu chote kingekerezwa kwa mshiko mmoja, kosa hilo lisingedhuru. Chuma kibichi kikishikwa mara moja, kikakatwa sehemu zake zote bila kufunguliwa, sehemu hizo zitakuwa na katikati moja, hata kama chaki ina kosa. Matata huja pale kitu kilichokwisha kukerezwa jana kinaposhikwa tena leo. Na kazi za marekebisho karibu zote ni za namna hiyo. Mhimili wa mzee ulikerezwa kiwandani zamani. Sehemu yake mpya haina budi ifuate katikati ile ile ya zamani.

MATAYA MANNE

Ndipo fundi aiondoapo chaki ya mataya matatu na kufunga ile ya mataya manne. Katika hii kila taya lina parafujo yake na husogea peke yake. Ni kama watu wanne wanaomzuia fahali kwa kamba nne: kila mmoja huvuta kwa kadiri yake, na fahali husimama pale wanapopatana. Chaki hii hushika kitu cha mviringo, cha mraba, au kisicho na umbo lolote. Lakini haipati katikati yenyewe. Katikati hutafutwa na fundi.

Hufanya hivi. Hubana mhimili mahali pazima, akiweka vipande vya shaba au vya bati laini chini ya mataya ili yasiutie alama. Kisha huweka saa ya kupimia, yenye mshale na ncha inayogusa chuma, akauzungusha mhimili kwa mkono polepole. Mshale hupanda na kushuka. Tofauti yake ikiwa sehemu 6 za kumi za milimita, mhimili uko mbali na katikati kwa sehemu 3, kwa maana mshale husoma mara mbili: mara upande wa juu na mara upande wa chini. Wengi wa wanaojifunza hukosea hapo. Husogeza kwa kadiri yote waliyoisoma, na mhimili hupita katikati na kuyumba upande wa pili. Ifaayo ni kulegeza taya moja kidogo, na kulikaza lile linalolikabili, kwa nusu ya tofauti. Kisha hupima mataya mawili yaliyobaki, na kurudia tena na tena mpaka mshale utulie. Kwa uvumilivu fundi aweza kufikia sehemu moja ya mia ya milimita.

Fundi angeweza kuiacha kazi hiyo na kumridhisha mzee upesi. Mhimili ungeng'aa vizuri, na hapana macho ya mtu yawezayo kuona kosa la sehemu 3 za kumi za milimita. Lakini beringi ingeliona. Mhimili unaozunguka mara nyingi kila dakika, huku ukiyumba kidogo, huitetemesha beringi, huitia joto, na baada ya siku chache huivunja. Hapo mzee angelipa nauli mara mbili, beringi mara mbili na ufundi mara mbili. Na ng'ombe wangetembea kwenda kisima cha jirani, ambako huenda wasikaribishwe.

NGUVU NA KIASI

Kuna jambo lingine lipasalo kufahamiwa. Watu hudhani kwamba kadiri kitu kinavyobanwa kwa nguvu ndivyo kitakavyokuwa salama. Kwa chuma kinene ni kweli kwa kiasi. Kwa bushi nyembamba ni hasara. Mataya matatu yakibana pete nyembamba kwa nguvu, pete hupinda ndani mahali patatu. Fundi hukata tundu lake, nalo laonekana mviringo kamili wakati bado limebanwa. Akiilegeza chaki, pete hurudi katika umbo lake, na tundu lililokuwa mviringo huwa na pembe tatu. Kwa ajili hiyo mafundi wajuzi hutumia mataya laini, ambayo hukatwa pale pale katika mashine yapate mviringo ulio sawa na kitu kitakachoshikwa, ili yakikumbatie pande zote badala ya kukifinya mahali patatu.

Tena kasi nayo hudhoofisha mshiko. Chaki ikizunguka mbio sana, mataya huvutwa kwenda nje, kama jiwe linavyovuta kombeo. Basi kila chaki ina kasi yake isiyopasa kupitwa. Kitu kirefu nacho kisiachwe kikining'inia mbele ya mataya bila tegemeo. Kikitokeza zaidi ya mara tatu ya unene wake hivi, yafaa ncha yake ya mbele ishikwe na ncha ya chuma ya nyuma ya mashine, kama walivyofanya wakerezaji wa Lamu.

Na hatari iliyo kubwa kuliko zote ni ndogo kwa kutazama, nayo ni ufunguo uliosahauliwa ndani ya chaki. Mashine ikiwashwa, ufunguo huruka kama risasi. Kanuni njema ni kwamba mkono usiuache ufunguo mpaka umetoka katika chaki. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yataka sehemu za mashine zenye hatari zikingwe. Lakini hakuna kinga imfaayo mtu aliyevaa mikono mirefu iliyolegea, au mgeni anayeinama kutazama huku shuka yake ikining'inia. Mzee wa Mashuuru akiambiwa akae kwenye benchi la mlangoni, asidhani amedharauliwa.

VIJANA WA KAUNTI

Kazi hii yaweza kuwafaa vijana wa Kajiado ambao malisho ya baba zao yamegawanywa na kuuzwa. Mjini Kajiado kuna chuo cha ufundi kiitwacho Masai Technical Training Institute. Na aliyejifunza kibandani bila kwenda chuoni hakunyimwa nafasi, kwa maana mamlaka ya mafunzo ya viwanda, iitwayo NITA, hufanya mitihani ya ufundi kwa madaraja matatu, tangu la tatu lililo la chini hata la kwanza. Cheti hicho humsaidia kijana kuajiriwa kiwandani. Lakini hata chuo kilicho bora hakiwezi kumpa subira ya kuutazama mshale wa saa mpaka utulie. Hiyo hujipatia mwenyewe.

Jioni mhimili hufungwa tena katika gunia. Mzee huupapasa kwa kidole, hutikisa kichwa, hulipa, na kupanda matatu kurudi kusini, kupita Isinya, jua likizama nyuma ya vilima. Siku ya pili injini hupigwa moto, na maji hutoka katika bomba na kuingia katika birika la ng'ombe. Wanywao maji hayo hawana habari ya mataya manne wala ya saa ya kupimia. Wahenga walisema, ukiona vyaelea vimeundwa. Walisema juu ya vyombo vya baharini, lakini neno hilo lafaa hata Kajiado, mbali na bahari, mahali ambapo kisima kitoacho maji kila siku kimepitia katika mkono wa mtu aliyekataa kuharakishwa.